Samaki wa bahari katika saloni: tuanze na maji



Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza mkutano wa likelemba, mama mwenzetu mmoja alinivuta pembeni. Mtoto wake ana miaka 9 na ana SS. Wakati wa baridi hatoki nje, na jua likiwa kali hatoki pia. Mpira hachezi. Anakaa dirishani akiangalia wenzake wanavyokimbia. Siku moja aliona ile filamu ya samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, na tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: anataka samaki wa bahari ndani ya nyumba. Baba yake ameweka pembeni dolari 400. Mama akaniuliza, "Mama, wewe ulifuga samaki. Tununue ao tuache?"

Nilimwambia anipe siku chache nijibu hapa katika karatasi yetu. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, si yeye peke yake anayeuliza, kwani vijana wetu wengi wanaona akwariumu katika simu na wanazitamani. Ya pili, jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu ile inaweza kufaa wengine kuliko kulala moyoni mwangu.

Nilivyoua samaki na kumshitaki wifi

Miaka kadhaa iliyopita mume wangu alirudi kutoka Lubumbashi na akwariumu ndogo ya kioo, samaki sita wa maji matamu na konokono wanne. Watoto walifurahi sana. Mimi nikataka ipendeze. Katika kabati nilikuwa na jiwe la malakiti, lile la kijani lenye duara-duara, ambalo marehemu baba yangu aliniachia. Alifanya kazi mgodini maisha yake yote, na jiwe lile ndilo lililokuwa zawadi yake kwangu siku ya ndoa. Nililiosha vizuri, nikaliweka katikati ya maji. Kila mgeni aliyeingia alilisifu.

Konokono walianza. Wakatoka katika magamba yao, wakalegea, wakafa. Kisha samaki mmoja, kisha wawili. Kabla wiki haijaisha maji yalikuwa matupu na mtoto wangu wa mwisho analia.

Wifi yangu alikuwa anakaa kwetu wakati ule. Tulikuwa tumegombana kidogo kwa mambo ya jikoni. Nikasema ameweka sabuni ndani ya maji. Nilisema mbele ya mume wangu na mbele ya watoto. Aliapa, sikumsikiliza. Akafunga vitu vyake akarudi kwa mama yake, na ilipita karibu mwaka mzima bila sisi wawili kusalimiana.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja anayefuga samaki wa mapambo. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Ndani mliweka mawe gani?" Malakiti ni shaba. Ni shaba iliyoungana na kaboni na maji, ndiyo maana ni ya kijani. Ndani ya maji inaachia shaba kidogo kidogo. Mtu hawezi kuiona wala kuionja, lakini kwa konokono, kamba na samaki hata kiasi kidogo sana ni sumu. Jiwe la baba yangu ndilo lililoua.

Nilikwenda kwa wifi kuomba samahani nikiwa na kuku na kitenge. Alinisamehe. Lakini mpaka leo, akiingia kwangu, hagusi kitu bila kuuliza kwanza, na najua ni mimi niliyemfundisha hivyo.

Sasa, mama mwenzangu, nakujibu.

Maji ya bahari si maji yenye chumvi ya mboga

Watu wengi wanafikiri unachukua maji ya robine, unatia chumvi ya jikoni, na bahari imekuja. Hapana. Litre 1 ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, lakini chumvi ile ni mchanganyiko: kuna ile tunayotia katika sombe, na pamoja nayo manyezi, kalisi, potasi na vingine. Chumvi ya jikoni haina manyezi na kalisi inayotakiwa, na tena imetiwa iyodi kwa ajili ya afya yetu sisi watu. Kwa akwariumu ya bahari unanunua chumvi maalumu ya unga. Kwa litre 100 za maji unahitaji kilo 3 na nusu, na kila unapobadilisha maji unatia nyingine. Gharama hiyo haiishi siku ya kwanza.

Kipimo cha chumvi hakifanywi kwa ulimi. Kuna kifaa kidogo kinachoelea ndani ya maji na kusoma uzito wake. Maji ya bahari yanasoma karibu 1,025. Bila kifaa hicho usianze.

Kuna jambo moja ambalo kila mama anayepika anaweza kulielewa. Ukiacha supu motoni bila kifuniko, inakauka na chumvi inazidi, kwa sababu maji ndiyo yanaondoka, chumvi inabaki. Akwariumu ni hivyo hivyo. Maji yanapungua kila siku kwa hewa. Ukiongeza maji ya chumvi, unazidisha chumvi mpaka samaki wanakufa. Maji yaliyokauka yanarudishwa kwa maji matamu. Maji ya chumvi unayatia tu pale ulipotoa maji machafu.

Sisi ni watu wa shaba

Hapa ndipo Kambove inatofautiana na vitabu. Vitabu vinasema: chukua mawe, chukua mchanga, panga uzuri. Lakini sisi tunakaa juu ya shaba na kobalti. Mawe mengi mazuri ya hapa, ya kijani, ya bluu, ya meusi, yana madini ndani yake. Hata jiwe linaloonekana jeupe linaweza kuwa na mshipa wa shaba katikati.

Wengine watakuambia ujaribu jiwe kwa ndimu ao siki: likitoa povu ni jiwe la chokaa na linafaa. Jaribio hilo kwetu linadanganya. Malakiti nayo inatoa povu. Kwa hiyo sheria yangu ni fupi: jiwe la hapa haliingii. Mchanga wa mto wa hapa hauingii. Kitu cha shaba ao cha chuma hakiingii, hata pete yako ya shaba uivue kabla ya kutia mkono. Dawa nyingine za ugonjwa wa samaki pia zina shaba ndani. Soma karatasi yake, na usizitie kamwe palipo na konokono, kamba ao matumbawe.

Na maji yenyewe? Maji ya robine yana klori ya kuua mikrobu. Ni nzuri kwetu, mbaya kwa samaki. Ukiyaacha katika ndoo wazi siku nzima huku pompu inatia hewa, klori ya kawaida inatoka. Lakini madini hayatoki kwa kungoja. Maji ya kisima karibu na machimbo mimi siyatumii. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yanaweza kuchukua zinki na vumbi. Kwa akwariumu ya bahari maji mazuri ni yale yaliyopita katika chujio linalotoa madini yote. Ukinunua maji kwa watu wanaoyasafisha na kuyauza, waulize wazi: mashine yenu inatoa madini, ao inaua mikrobu tu? Ni vitu viwili tofauti. Kisha nunua kipimo cha shaba cha matone. Weka maji kidogo katika kichupa, tia matone, angalia rangi. Ungenipa kichupa hicho miaka ile, nisingempoteza wifi kwa mwaka mmoja.

Kuran ikikatika

Samaki wanapumua hewa iliyo ndani ya maji. Pompu ikisimama, hewa inapungua, na maji ya chumvi yenye joto yanashika hewa kidogo kuliko maji matamu ya baridi. Nasi sote tunajua kuran yetu. Wakati mwingine inakwenda saa mbili, wakati mwingine siku mbili.

Tufanye hesabu. Pompu ndogo ya hewa inakula wati 5 hivi. Kwa masaa 10 ni wati-saa 50. Batri ndogo ya volti 12 na amperi-saa 7 ina wati-saa 84, kwa hiyo inaweza kuipeleka usiku mzima, na paneli ndogo ya jua inaijaza kesho yake. Lakini kifaa cha kupasha maji joto kwa akwariumu ya litre 100 kinakula karibu wati 100. Kwa masaa 10, hata kama kinawaka nusu ya wakati tu, ni wati-saa 500. Batri ile haiwezi. Na samaki wa bahari ya joto wanataka digri 24 mpaka 27, na sisi tuko juu ya mita 1300. Ba mama, mnajua usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unavyouma mifupa hapa. Kuran ikikatika usiku wa baridi, funga blanketi pande zote za kioo, acha juu wazi kidogo, na uweke chupa za plastiki za maji ya moto zilizofungwa vizuri zielee ndani. Badilisha zikipoa, pole pole, maana joto likipanda ao kushuka kwa ghafula linaua pia.

Na kama hata batri hauna? Hapo nakumbuka wanawake wawili wa zamani. Wa kwanza ni Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa, binti ya mshona viatu, naye mwenyewe alikuwa mshonaji wa nguo huko Paris kabla ya kuolewa. Alihamia kisiwa cha Sicilia, na mwaka wa 1832 alitengeneza masanduku ya kioo ili aangalie wanyama wa bahari wakiwa hai. Wengi wanahesabu akwariumu ya kioo kuanza kwake. Wa pili ni Anna Thynne wa Uingereza. Mwaka wa 1846 alipeleka matumbawe hai kutoka pwani mpaka nyumbani kwake London, mbali na bahari kama sisi tulivyo mbali kwa namna yetu. Hakukuwa na pompu ya kuran wakati ule. Mtumishi wake alikuwa anamimina maji ya bahari kutoka chombo kimoja mpaka kingine, mbele ya dirisha wazi, ili yashike hewa. Wanyama wale waliishi karibu miaka mitatu.

Basi, kuran ikikatika, chukua kikombe safi kisichowahi kuguswa na sabuni, chota maji, yamimine tena kutoka juu. Dakika chache kila nusu saa. Wapange watoto zamu. Samaki wakipanda juu na kupiga midomo usoni pa maji, wanakuambia hewa imekwisha.

Mwezi wa kungoja

Kosa kubwa la wanaoanza ni kununua kioo na samaki siku moja. Nawe una mtoto anayengoja, kwa hiyo kosa hili litakuvuta sana.

Samaki akila, anatoa uchafu. Uchafu ule unakuwa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia kama si nyingi. Bakteria hao hawako katika kioo kipya. Wanakuja wenyewe na kujenga nyumba zao katika mchanga na chujio, lakini wanachukua wiki 4 mpaka 6, na wakati wa baridi zaidi. Ukiweka samaki kabla, unawalaza katika mkojo wao.

Fanya hivi. Jaza maji, washa pompu na joto, tia chakula cha samaki kidogo kama chumvi ya vidole viwili kila siku mbili. Kioze. Kila wiki pima kwa matone. Amonia itapanda kisha itashuka. Nitriti itapanda kisha itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo huku unaendelea kutia chakula, akwariumu iko tayari. Mwezi huo mpe mtoto daftari. Aandike tarehe, joto, rangi za vipimo. Wangu aliandika kurasa 11, na wakati samaki walipokuja aliwajua kuliko mimi.

Siku ya kuwaleta, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hivi. Kisha tia kikombe kimoja cha maji ya akwariumu ndani ya mfuko kila dakika 10, kwa saa moja. Toa samaki kwa wavu, na yale maji ya mfuko mwaga. Wawili kwanza. Wengine wiki tatu baadaye.

Bahari ao ziwa?

Sasa swali lenyewe. Nitasema wazi: kwa kuanza, mama, usianze na bahari. Anza na ziwa.

Yule samaki wa filamu si mgumu kati ya samaki wa bahari. Anaishi na mwenzake katika litre 100, anazaliwa hata katika akwariumu za watu, kwa hiyo si lazima kumtoa baharini. Ndugu zake wanaishi katika Bahari ya Hindi, upande wa Kenya na Tanzania. Na tabia yake itawachekesha ba mama: wote wanazaliwa madume, mkubwa wa kundi anakuwa jike na ndiye anayetawala, na akifa yeye, dume wake anageuka jike na kushika kiti. Rafiki yake wa bluu wa filamu ile ile usimguse: anafika sentimita 30, na kwake hata litre 300 ni kifungo. Lakini samaki mwenyewe akiwa si mgumu, maji yake ni magumu: chumvi ya kununua kila mara, maji yasiyo na madini, joto la daima. Usiku mmoja mbaya wa mwezi wa 7 unaweza kumaliza yote. Na mtoto wako ataamka asubuhi aone nini?

Ziwa Tanganyika ni letu. Liko Kalemie na Moba. Ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1470 mpaka chini, na lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii moja ya sikilidi ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Watu wa Ulaya na Marekani wanawalipia sana. Maji yake si ya chumvi, lakini ni mazito kwa kalisi na manyezi, na samaki wake wana rangi na tabia zinazofanana na za bahari. Zamani hata wataalamu walichanganyikiwa. Walipata ndani yake kiumbe laini kama mwavuli, jamaa ya kiwavi-maji wa baharini, na konokono wenye magamba kama ya pwani. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alikuja kuchunguza miaka ya 1890 akifikiri ziwa lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Alikosea, lakini unaona kwa nini alifikiri hivyo.

Kwa mtoto wako nachagua wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Wengi hawapiti sentimita 5. Kila mmoja ana gamba lake, analizika katika mchanga mpaka mdomo tu ubaki nje, analilinda hata mbele ya kidole chako. Ukimtisha, anaingia ndani kama risasi. Jike anataga mayai ndani ya gamba, na siku moja unaona watoto kama nukta wamesimama mlangoni. Mtoto anayekaa nyumbani siku nzima atakuwa na mambo ya kuangalia kila saa. Litre 60 mpaka 80 zinawatosha.

Tena maji yetu yanaweza kuwafaa. Tabaka moja la mawe ya dolomia katika ardhi hii, wanajiolojia waliliita kwa jina la Kambove. Dolomia ina kalisi na manyezi, na maji yanayopita humo yanayachukua; ndiyo ule ukoko mweupe katika birika lako la chai. Samaki wa Tanganyika wanapenda maji ya namna hiyo. Kipimo cha shaba kinabaki lazima, klori lazima itoke, na joto bado linahitajika, digri 24 mpaka 27. Lakini chumvi haununui, na maji ukiongeza hauhesabu gramu.

Jambo moja tu: ukichoka nao, wape mtu mwingine. Usiwatupe katika mto ao katika ziwa Tshangalele. Samaki mgeni anaweza kuharibu maji ambayo jirani zetu wanavua.

Dolari 400

Bei zinabadilika, kwa hiyo nagawa kwa mafungu manne. Fungu la kwanza, dolari 100, usiguse. Ni la mtoto, siku homa ao maumivu yanapokuja usiku. Akwariumu isiwe sababu ya kukosa pesa za hospitali. Mafungu mawili ni ya kioo, meza, pompu, joto, batri, kipimajoto na vipimo vya matone. Fungu la mwisho ni la mchanga safi wa kununua, magamba, samaki na chakula, na kiasi kibaki kwa pompu ya pili, maana ya kwanza itaharibika siku ya jumapili.

Meza iwe ya seremala, si ile ya televizyo. Litre 80 za maji ni kilo 80, bado kioo na mchanga. Hesabu kilo 120. Iwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, mbali na jiko la makala. Waya za kuran zishuke kwanza chini ya priza kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni, lisiingie katika priza. Ukitaka kutia mkono ndani, chomoa kwanza.

Mikono ya mtoto

Hili ni la mtoto wako hasa. Baridi ni adui wa SS, na maji ya akwariumu yanaweza kubeba mikrobu, hata salmonela, ambayo kwa mtoto wa SS inaweza kuingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo kazi yake ni kulisha, kuangalia na kuandika. Mikono yake haiingii majini. Akimaliza kulisha, ananawa kwa sabuni. Kubadilisha maji, karibu sehemu moja ya kumi kila wiki, ni kazi yako ao ya baba. Na mpira wa kuvuta maji usiunyonye kwa mdomo kama wauza mafuta wa barabarani: ujaze maji kwanza, ziba kwa kidole, kisha achilia chini katika ndoo. Ndoo hiyo iwe ya samaki tu, isiguse sabuni kamwe.

Chakula ni kidogo, mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki wengi wa nyumbani wanauawa kwa upendo wa mkono unaotia chakula.

Mkikaa na samaki wa ziwa mwaka mzima, mkapita mwezi wa 6 na wa 7 bila kuwapoteza, na daftari la mtoto limejaa, basi njoo tena tuzungumze juu ya bahari. Wakati huo nitakusaidia mwenyewe kuchanganya chumvi.

Jiwe la baba yangu liko tena katika kabati, juu ya kitambaa. Wifi yangu ndiye alilifuta vumbi mara ya mwisho alipokuja. Aliuliza kwanza.

Mwenye swali la nyumba ao la watoto, aniletee mkutanoni ao aliandike kwenye karatasi ampe mama karani wetu. Tuonane wiki ijayo, ba mama. Mubaki salama.